Dada, Nichome Sindano ya Goti?

Haya wadogo zangu, sogeeni. Swali linalonijia sana siku hizi ni la wacheza mpira na watu wa jimu: "Dada, kano ya goti imechanika, kuna jamaa anauza sindano ya BPC-157, anasema inaotesha nyama upya. Nichome?"

Usichome.

Hiyo BPC-157 ni mnyororo mfupi wa asidi amino 15. Watafiti wa Zagreb, Croatia, wameichunguza miaka mingi, na panya waliokatwa kano walionekana kupona vizuri. Panya, mdogo wangu! Kwa binadamu majaribio ni machache mno, tena ya watu wa kuhesabika. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaiidhinisha kutibu chochote. WADA, wale wanaosimamia upimaji wa dawa michezoni, waliipiga marufuku kuanzia 2022, kwa hiyo wewe unayeota kusajiliwa ligi kuu, soma hapo mara mbili. Vichupa vingi vimeandikwa kabisa kuwa ni vya utafiti tu, si vya kutumiwa na watu, ila muuzaji hakusomei sehemu hiyo. Na kuna jambo linalonitia hofu zaidi: kwa wanyama dawa hii huchochea mishipa mipya ya damu, na uvimbe wa saratani nao hujilisha kwa mishipa ya namna hiyo. Kwamba inaleta saratani haijathibitishwa. Kwamba ni salama, pia bado.

Kuotesha kiungo kwa dawa si hadithi za kutunga, lakini. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walieleza jinsi walivyowavisha vyura waliokatwa mguu kikofia chenye jeli ya dawa tano, kwa saa 24 tu. Mguu ukaendelea kuota miezi 18, ukapata mfupa na neva, chura akaogelea nao. (Na ni chura mwenye asili ya Afrika, jamani, mwenzetu huyo.) Hata hivyo mguu haukukamilika, na vile vidole vyake havikuwa na mifupa.

Kwa watu ipo jeli ya becaplermin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Nayo haifanyi miujiza: damu isipofika mguuni haisaidii, na bado kidonda lazima kisafishwe na mgonjwa aache kukikanyagia. Basi wewe mwenye kidonda cha mguu kisichofunga, nenda kapime sukari, na acha kupaka krimu za steroidi kwa kushauriwa na jirani. Zinachelewesha kidonda kupona.

Wewe wa goti, hela ya sindano ipeleke kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Kano hupata nguvu ikipewa mzigo kidogokidogo, na hilo huchukua miezi. Goti likikuchomoka unapogeuka, muone daktari wa mifupa kabla hujagusa mpira tena. Na kama umeshachoma, mwambie ukweli, usimfiche.