Tazama ilipojikwaa

Mshauri, naandika draiva ya Linux kwa kadi inayopokea vipimo vya umeme. Mashine inakwenda saa mbili tatu vizuri, halafu ama inaganda kimya, hata kipanya hakisogei, ama inaanguka ikitaja mfumo wa mafaili, ambao mimi sijaugusa kabisa. Nikiongeza printk, tatizo linatoweka. Nimeshabadilisha RAM mara mbili. Nifanye nini?
Nimechoka, Dar es Salaam

Pole. RAM iache. Mimi niliwahi kuilaumu wiki nzima, kumbe nilikuwa na safu ya nafasi 16 na nilikuwa naandika kwenye ya 17.

Una magonjwa mawili, nawe unayatafutia dawa moja. Tuanze na kuanguka. Ndani ya keneli hakuna ukuta kati ya draiva yako na mfumo wa mafaili. Nyote mnakula sinia moja. Ukiachilia kipande cha kumbukumbu kwa kfree huku pointa yake umebaki nayo, keneli itampa mwingine kipande hichohicho. Siku ukiandika kupitia ile pointa, umeandika ndani ya mali ya mtu. Yeye ndiye atakayeanguka, pengine dakika kumi baadaye, na jina litakalotajwa ni lake.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: washa keneli kwa slub_debug=FZPU. Kumbukumbu iliyoachiliwa itajazwa baiti 0x6b. Mashine ikianguka na kwenye rejista ukaona 6b6b6b6b6b6b6b6b, basi kuna mtu amesoma pointa kutoka kwenye kipande kilichokwisha kuachiliwa. Kisha jenga keneli yenye KASAN, zana ya kukagua matumizi ya kumbukumbu, iliyoingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015. Inatenga baiti moja ya ulinzi kwa kila baiti 8, hivyo inakula sehemu ya nane ya kumbukumbu na mashine inakuwa nzito. Vumilia. Ripoti yake inataja aliyegusa, aliyeomba kipande na aliyekiachilia. Anza na huyo wa mwisho. Kwa draiva kama yako, nashuku kazi uliyoiweka kwenye workqueue bado inakimbia wakati kadi inaondolewa. Cancel_work_sync inatakiwa itangulie kfree.

Kuganda ni habari nyingine. Kipanya kikikwama kabisa, mimi hutazama kwanza spin_lock. Msimbo wako wa kawaida umeshika kufuli, intarapti ya kadi inaingia kwenye prosesa ileile, na kishughulikiaji chake kinalitaka kufuli lilelile. Hapo prosesa inagonga mlango ikisubiri kufunguliwa, na aliye ndani ni yenyewe. Upande wa msimbo wa kawaida tumia spin_lock_irqsave.

Uwezekano wa pili ni makufuli mawili: huku unashika A kisha B, kule B kisha A. Hili usilitafute kwa macho. Washa CONFIG_PROVE_LOCKING upate lockdep, kazi ya Ingo Molnár, iliyoingia mwaka 2006 katika toleo 2.6.18. Uzuri wake ni kwamba haisubiri mashine ikwame. Ikishaona mpangilio wa kwanza na baadaye ule wa kinyume, inalalamika papo hapo. Ila inalalamika mara moja tu, kisha inajizima. Rekebisha hilo la kwanza, washa upya, ndipo utafute la pili.

Na ile printk usiiache ndani eti imetibu. Imechelewesha mambo kidogo tu, nyuzi mbili zikapishana. Iondoe kabla ya kupima.

Mashine iliyoganda haiandiki kitu kwenye diski, kwa hiyo tuma ujumbe wa keneli kwenye kompyuta ya pili kwa netconsole, uiache usiku kucha. Ukiniandikia tena, nitumie ripoti ya kwanza nzima, bila kukata mistari.