Shura Mtaani: Sisi Wanafunzi na Baraza la Kijiji



Ndugu msomaji, darasa la toleo hili linahusu shura, lakini sitaanzia Madina. Nitaanzia kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa unaolala. Wengi wetu tunamjua kwa jambo moja tu: barua. Tunamwendea tukitaka barua ya kitambulisho cha taifa, ya kufungulia akaunti ya benki, au ya kumdhamini ndugu aliyekamatwa. Anaandika, anagonga muhuri, tunaondoka. Ni wachache wanaojua kwamba nyuma ya muhuri ule kuna kamati ya watu kumi, na nyuma ya kamati kuna baraza ambalo mimi na wewe tayari ni wajumbe wake.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inasema kwamba baraza la kijiji ni watu wote wanaoishi humo waliofikisha miaka 18. Haikutaja mwenye nyumba peke yake, wala mzaliwa wa pale. Mwanafunzi aliyepanga chumba Kikoni, Wandegeya au Kibuli yumo. Basi swali la darasa letu ni hili: shura tunayoisoma vitabuni inatudai nini katika mtaa ambao tumo barazani bila kujua?

Mabaraza haya yalikotoka

Mabaraza ya vijiji yalianza wakati wa vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, yakiitwa Mabaraza ya Upinzani. Mwaka 1987 yakawekewa sheria, na baada ya Katiba ya 1995 yakajulikana kwa jina tunalolitumia leo, LC. Kampala ilipata sheria yake ya jiji mwaka 2010, na kuanzia 2011 inaendeshwa na KCCA ikiwa na divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Chini ya divisheni zipo kata, na chini ya kata vimebaki vijiji vyetu.

Kamati ya LC1 ina mwenyekiti na makamu wake, katibu mkuu, na makatibu wa habari, usalama, fedha, na uzalishaji na mazingira. Wamo pia wawakilishi wa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kazi zao ni kusaidia kulinda amani, kuhimiza kazi za kujitolea, kufuatilia miradi ya serikali, na kuwa njia ya habari baina ya watu na serikali. Hawana fedha za kujenga barabara, wala hawawezi kumwamuru injinia wa jiji. Kwa mambo makubwa ya mji, silaha yao ni moja: ushauri.

Na wanashauri karibu bure. Mwenyekiti hupewa shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Wenzake kwenye kamati hawana mshahara. Zaidi ya hayo, uchaguzi wa mwaka 2001 haukufuatwa na mwingine hadi tarehe 10 Julai 2018, miaka 17 baadaye. Muda wa waliochaguliwa siku hiyo uliisha Julai 2023, ukaongezwa miezi sita, kisha ukaongezwa tena. Wengi wa wazee hawa wanaendelea kwa moyo wao tu.

Ngazi ya juu nako kuna milango ya ushauri. Sheria ya jiji ya 2010 ilitenga viti vinne katika baraza la KCCA kwa ajili ya vyama vya wanataaluma: wahandisi, wasanifu majengo, madaktari na wanasheria. Na mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mikutano ya wananchi kuwauliza maofisa wao kuhusu huduma, iliipa jina la Kiswahili: Baraza.

Aya mbili

Aya ya kwanza ni ya 38 katika Suratu Shura. Allah (s.w.) anawasifu waumini kwa sifa kadhaa, na shura ameiweka baina ya kusimamisha swala na kutoa katika alichowaruzuku. Tazameni ilivyopangwa. Ni jambo la ibada kama jirani zake wawili. Tena sura hii ni ya Makka. Waislamu walipoteremshiwa aya hii hawakuwa na dola, jeshi wala hazina. Kwa hiyo anayedai kwamba shura ni kazi ya wenye madaraka peke yao hajaangalia ilishuka lini.

Aya ya pili ni ya 159 katika Suratu Aal Imran, na nyuma yake kuna Uhud. Mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiona bora wabaki Madina. Wengi, hasa vijana ambao hawakuwahi Badr, walitaka kutoka. Akawakubalia. Waislamu wakapata msiba, na masahaba wapatao 70 wakauawa. Kwa hesabu zetu za kibinadamu, hapo ndipo mtu angesema: sitauliza tena. Lakini aya ilikuja kumwamrisha awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao. Kisha akishaazimia, amtegemee Allah. Msiba haukuwaondolea haki ya kuulizwa. Na hao waliotoa rai isiyozaa matunda hawakukaa pembeni kikao kilichofuata.

Umar (r.a.) njiani kwenda Sham

Mfano wa kamati ya ushauri ikifanya kazi tunaupata katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.). Umar alikuwa anaelekea Sham. Alipofika Sargh akapewa habari kwamba tauni imeingia huko. Akawaita kwanza Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hao wakawa na kauli moja: rudi na watu. Akatangaza kwamba asubuhi wanarudi. Abu Ubayda (r.a.) akampinga mbele ya watu, akiuliza kama huko si kuikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba wanatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Mwisho akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.), aliyekuwa na haja zake mahali pengine. Yeye ndiye aliyekuwa na hadithi ya Mtume (s.a.w.) juu ya jambo lile hasa: msiingie nchi iliyo na tauni, na mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia.

Hapa nimechukua mambo matatu. Kwanza, Umar aliyaita makundi mbalimbali, kila moja kwa zamu yake, naye akavumilia tofauti zao. Pili, uamuzi ulitangazwa wazi, na aliyepinga alijibiwa kwa hoja hadharani. Tatu, na hili ndilo lililonikaa moyoni, elimu iliyohitajiwa zaidi ilikuwa kwa mtu ambaye hakuwepo kikaoni. Angekaa kimya baada ya kurudi, watu wangeondoka Sargh na shaka nyoyoni.

Kiteezi

Sasa turudi kwetu. Jaa la taka la Kiteezi lilifunguliwa 1996 kwa ajili ya taka za Kampala, lakini liko wilaya ya Wakiso, nje ya mpaka wa jiji. Waliokaa ubavuni mwa mlima ule walipokea taka za mji ambao hawakuwa na diwani ndani yake. Mji ukakua, taka zikapanda, nyumba zikabaki pale pale. Januari 2024 Meya Mkuu Erias Lukwago alionya kwamba wanaofanya kazi na kuishi pale wamo hatarini. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka ukaporomoka ukafukia nyumba na watu. Waliofariki walikuwa 35 au zaidi. Allah awarehemu na awape subira jamaa zao. Mwezi uliofuata Rais aliwaachisha kazi viongozi watatu wa juu wa KCCA.

Sina nia ya kuhukumu watu katika makala hii. Ninachotaka tuone ni kwamba onyo lilikuwepo na likasemwa na mkubwa, wala halikuzuia maafa. Shura ina miguu miwili: mwenye kujua aseme, na mwenye kuamua ajibu. Umar alimjibu Abu Ubayda usiku ule ule. Onyo lisipojibiwa kwa ndiyo au hapana, kwa tarehe na kwa jina la atakayelifanyia kazi, hubaki maneno ya hewani.

Jirani zetu Wakenya wameuwekea sheria mguu huu wa pili. Katiba yao ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Huko Marekani miji mingi ina kamati za wakazi wanaojitolea kushauri juu ya bustani, maktaba au mipango miji, na mapendekezo yao hupelekwa mbele ya baraza la mji, ambalo ndilo huamua. Hata huko kamati inaweza kupuuzwa. Lakini kinachoandikwa na kuwekwa wazi ni vigumu zaidi kukipuuza.

Majibu kwa hoja tatu

Ndugu zangu huniambia: hawa majirani si Waislamu, shura yetu inawahusu nini? Kwa sensa ya 2014 sisi tulikuwa asilimia 13.7 ya Waganda, kwa hiyo karibu kila kikao cha mtaa tutakaa na wasio wa dini yetu. Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria Hilf al-Fudul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, agano la kumsaidia aliyedhulumiwa, na baada ya Uislamu alisema kwamba angeitwa tena kwa agano kama lile angeitika. Waganda wenyewe wana bulungi bwansi, kazi ya kujitolea kwa manufaa ya nchi, ya kusafisha visima na kutengeneza njia. Muislamu anayeshika jembe siku hiyo hajatoka katika dini yake.

Wengine husema: mimi ni mpangaji, muhula ukiisha naondoka. Ni kweli. Lakini mtaro tunaoutupia chupa hauondoki nasi. Muhula uliopita nilihudhuria kikao cha mtaa ninaopanga. Ajenda ilikuwa mtaro unaofurika. Mama mmoja auzaye mkaa alieleza, hatua kwa hatua, maji yanaanzia wapi na yanafika kwake baada ya muda gani. Hakuna ramani iliyotundikwa pale iliyokuwa na habari hizo. Kisha mzee mmoja akauliza chupa zote zile zinatoka wapi, na watu wakatazama upande wa hosteli. Kati ya mamia ya wanafunzi wa mtaa ule tulikuwa wawili. Tukaahidi kulipeleka jambo hosteli, na tulilipeleka. Barua ya kikao ilikwenda ngazi ya juu. Hadi naandika, jibu halijarudi, na katibu ameliweka kwenye ajenda ya kikao kijacho. Ndivyo inavyotakiwa.

Hoja ya tatu ni kwamba hakuna malipo. Ndiyo, na hapa ipo fitna yake. Anayefanya kazi bure huku ana njaa hujaribiwa kuigeuza barua kuwa bidhaa. Tunakumbuka Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hizi zenu na hii nimezawadiwa mimi, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyopanda mimbari kulikemea jambo hilo. Nasi tunaochomeka noti ndani ya karatasi ili tuhudumiwe haraka tuna sehemu yetu katika dhambi hiyo.

Adabu za mshauri

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayeombwa ushauri amewekewa amana. Kwa hiyo anayekwenda barazani aende na haya:

1. Anuie kwa ajili ya Allah. Cheo kisimpandishe, wala kukosa cheo kusimzuie.
2. Aseme analolijua, na asilolijua aseme silijui. Aliyesomea uhandisi azungumzie mtaro, wa afya azungumzie choo, na sisi wa dini tusijifanye mafundi wa kila jambo.
3. Amtafute asiyekuwepo: mjane, mlemavu, mzoa taka, mpangaji wa chumba cha bondeni. Huenda elimu iko kwake, kama ilivyokuwa kwa Abdurrahman bin Auf.
4. Ahakikishe rai imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, na aulize kikao kijacho imejibiwaje.
5. Rai yake isipochukuliwa asisuse. Akumbuke Uhud.

Ya kujadili katika halaka

Je, unamjua kwa jina katibu wa mazingira wa LC1 yako? Kikao cha mwisho kilikuwa lini? Ni jambo gani la mtaa ambalo wanafunzi tunalijua kuliko wengine, na bado hatujalisema?

Napendekeza kila usra ichague ndugu mmoja na dada mmoja wa kuhudhuria kikao cha mtaa wao muhula huu, kisha warudishe habari msikitini. Hatuhitaji ruhusa ya kuingia. Sheria ilishatuingiza tangu tulipofikisha miaka 18.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushauriana kwa haki, watoe rai walio na elimu, na wasikie walio na amri. Wabillahi tawfiq.