Albamu ya Lauryn Hill: mauzo makubwa, daftari pungufu

Tarehe 25 Agosti, 1998 albamu iitwayo The Miseducation of Lauryn Hill iliingia katika maduka ya Marekani. Katika wiki ya kwanza ziliuzwa nakala 422,624, kiasi kilichoripotiwa kuwa rekodi kwa mwanamuziki wa kike nchini humo, na albamu ikakamata moja kwa moja nafasi ya kwanza katika chati ya jarida la Billboard. Mwezi Novemba mwaka huo huo, bidhaa ikiwa bado ya moto sokoni, vijana wanne waliofanya naye kazi studio walifungua kesi wakidai kuwa mchango wao katika utunzi na utayarishaji haukutambuliwa ipasavyo.

Kwa mfanyabiashara matukio haya mawili yanakaa katika kurasa mbili za kitabu kimoja. La kwanza ni mapato. La pili ni deni ambalo wakati kazi inafanyika hakuna aliyeliingiza vitabuni. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali haikupotea, bali ilipunguka, na habari zake zilifika hadi magazetini.

Lauryn Hill alizaliwa mwaka 1975 huko East Orange, jimbo la New Jersey, akakulia South Orange iliyo jirani. Akiwa bado msichana wa sekondari alijiunga na Pras Michel na Wyclef Jean katika kundi lililokuja kufahamika kwa jina la Fugees. Albamu yao ya kwanza, Blunted on Reality ya mwaka 1994, haikupata wanunuzi wengi. Ya pili, The Score, iliyotoka Februari 1996, iliuza mamilioni ya nakala na kulipatia kundi tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rap mwaka 1997. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika studio iliyokuwa chini ya nyumba ya mjomba wa Wyclef. Saa zilikuwa zao, hivyo kosa moja studio halikumaanisha ankara nyingine ya kodi.

Faida ya kundi huja na hasara yake. Katika kundi la watu watatu mnunuzi hajui nani kafanya nini, na mara nyingi sifa ya utayarishaji ilikwenda kwa Wyclef. Hill alionekana kama sauti nzuri tu, ingawa alikuwa akifoka, akiimba, akitunga na kushiriki katika kutayarisha. Mwaka 1997 Wyclef alitoa albamu yake binafsi. Agosti ya mwaka huo Hill alijifungua mtoto wake wa kwanza, na katika kipindi hicho alikuwa na nyimbo nyingi kichwani kuliko nafasi ya kuzitoa ndani ya kundi. Alimtungia na kumtayarishia Aretha Franklin wimbo "A Rose Is Still a Rose", uliotoka mwaka 1998. Huo ulikuwa ushahidi wa kibiashara: msanii mkongwe wa kiwango kile alikuwa amemkabidhi kazi na ikauzika.

Hata hivyo, ilielezwa kuwa upande wa kampuni kulikuwa na wazo la kuleta mtayarishaji mwenye jina kutoka nje. Kwa macho ya mwekezaji wazo hilo si la ajabu, maana jina linalojulikana hupunguza wasiwasi wa mtaji. Hill alikataa. Alitaka albamu iwe yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na kukataa huko ndiko kunakoeleza yote yaliyofuata, mazuri na mabaya.

Kurekodi kulianza mwishoni mwa 1997 na kuendelea hadi katikati ya 1998, katika studio za New York ikiwemo Chung King, na baadaye Tuff Gong mjini Kingston, Jamaika, studio iliyoanzishwa na Bob Marley. Rohan Marley, mwana wa Bob, ndiye baba wa mtoto huyo. Fundi mitambo mkuu alikuwa Gordon Williams. Wakati wenzake wengi wa muziki wa kufoka walitegemea kukata vipande vya santuri za zamani na kuvirudia kwa mashine, Hill alitaka ngoma, gitaa, vinanda na vyombo vya kupuliza vipigwe na watu. Carlos Santana alipiga gitaa. Mary J. Blige na D'Angelo waliimba naye. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliitwa apige piano katika wimbo "Everything Is Everything". Baadaye dunia ilimfahamu kwa jina la John Legend. Kati ya nyimbo zimewekwa sauti za darasa, na mwalimu anayesikika humo ni Ras Baraka, ambaye mwaka 2014 alikuwa meya wa jiji la Newark.

Utaratibu huu ni ghali. Studio hukodishwa kwa muda, na siku ambayo watu wanatafuta wazo bila kulipata inalipiwa sawa na siku ambayo wimbo umekamilika. Aidha, fedha za kurekodi hutangulizwa na kampuni, kisha hukatwa katika sehemu ya msanii baada ya mauzo. Kwa hiyo msanii anayeshangiliwa jukwaani anaweza kuwa bado anadaiwa, na mashabiki wasijue.

Hapa inafaa kutofautisha mifuko. Mpiga chombo aliyekodiwa kwa kawaida hulipwa ujira wa siku na mambo yake yamekwisha. Mtayarishaji anaweza kupewa asilimia fulani ya bei ya nakala. Mtunzi hulipwa mrabaha kwa kila nakala inayotengenezwa, awe alifika studio au hakufika, na haki hiyo hurithiwa. Mtu anayeingia studio kwa ujira wa siku, kisha akachangia ubeti au mpangilio wa sauti, amehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine bila mlango kusikika.

Mwaka 1998 kiwango cha kisheria cha mrabaha huo nchini Marekani kilikuwa senti 7.1 za dola kwa wimbo mmoja usiozidi dakika 5, kwa kila nakala. Kwa nakala 422,624 za wiki ya kwanza, wimbo mmoja ulizalisha dola 30,006 hivi. Albamu hiyo ilivuka nakala milioni 10 Marekani, na kwa kiwango hicho hicho wimbo mmoja ni dola 710,000. Mikataba mingi ya kampuni za kurekodi ilikuwa na kifungu cha kulipa robo tatu tu ya kiwango hicho, na kwa hesabu hiyo zinabaki dola 532,500. Mwenye robo ya wimbo angepata dola 133,125 kabla ya mchapishaji wake kuchukua chake. Redio, filamu na maonyesho havimo katika hesabu hii.

Kwa upande wa nyimbo za zamani zilizotumika, karatasi zilikuwepo. Wimbo "Superstar" umeazima kutoka "Light My Fire" ya kundi la Doors, na watunzi wa kundi hilo wametajwa. Watu ambao hawakufika studio walilindwa vizuri kuliko baadhi ya waliolala humo.

Vijana wale wanne, Vada Nobles, Rasheem Pugh na ndugu pacha Johari na Tejumold Newton, walifanya kazi kwa jina la New Ark. Jalada la albamu lilieleza kuwa nyimbo zimetungwa, zimepangwa na kutayarishwa na Lauryn Hill, nao wakatajwa kwa michango ya ziada katika baadhi ya nyimbo. Madai yao yalikuwa kwamba walikuwa watunzi wakuu wa nyimbo mbili na wachangiaji wakubwa katika nyingine kadhaa. Magazeti ya Marekani yaliripoti baadaye kuwa mgawanyo haukuwa umewekwa kwa maandishi wakati wa kazi. Hill alishikilia kuwa albamu ni yake, na waliokuwepo, akiwemo fundi mitambo, walisema dira ilikuwa ya kwake.

Pande zote mbili zinaweza kuwa zilisema kweli. Dira inaweza kuwa ya mtu mmoja na bado mkono wa mwingine ukawemo ndani ya wimbo. Sheria haiulizi nani alikuwa na dira, inauliza nani alitunga kitu gani na mlikubaliana nini.

Kesi ikiendelea, Februari 1999, Hill alipata tuzo 5 za Grammy kati ya 10 alizopendekezwa, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka, ambayo haikuwa imewahi kwenda kwa albamu ya hip hop. Februari 2001 pande hizo zilimalizana nje ya mahakama. Kiasi kilichoripotiwa ni dola milioni 5. Kwa kipimo cha hesabu ya hapo juu, hicho ni karibu mrabaha wote wa nyimbo saba kwa nakala milioni 10, bila kuhesabu mawakili.

Kinga yake ni ukurasa mmoja. Unaandikwa jina la wimbo, tarehe, majina ya waliotunga na asilimia ya kila mmoja hadi zitimie 100, kisha wote wanatia saini kabla ya kuondoka studio. Asiyetunga naye asaini kuwa amelipwa ujira wake. Wakati unaofaa ni usiku ule ule, wimbo ukiwa bado hauna thamani na watu wakiwa bado wanacheka pamoja. Kuahirisha kwa sababu ya kuoneana haya ni kuuza kwa mkopo bila kuandika jina la mkopaji, na mwenye duka yeyote anajua mwisho wake.

Hill hakutoa albamu nyingine ya studio. Mwaka 2002 ilitoka MTV Unplugged No. 2.0, iliyorekodiwa jukwaani na gitaa lake. Mapato ya kazi za zamani yaliendelea kuingia kupitia makampuni yake, na daftari likamsumbua tena: mwaka 2012 alikiri kosa la kutowasilisha hesabu za kodi kwa mapato ya dola milioni 1.8 hivi ya miaka ya 2005 hadi 2007. Alihukumiwa miezi mitatu, akaitumikia katika gereza la Danbury, Connecticut, na kutoka Oktoba 2013. Februari 2021 chama cha wafanyabiashara wa santuri cha Marekani kiliipa The Miseducation cheti cha almasi kwa kufikisha milioni 10.