Ukandaji wa Nyayo kwa Mgonjwa wa Saratani

Refleksolojia ni ukandaji wa nyayo na viganja unaofuata dhana kwamba kila sehemu ya wayo inahusiana na kiungo fulani cha mwili. Katika miaka ya 1930, Bi. Eunice Ingham wa Marekani alichora ramani ya nyayo iliyoieneza dhana hiyo. Sayansi haijauthibitisha uhusiano huo, na ukandaji huu hauponyi saratani. Hata hivyo, mguso wa upole huweza kumpunguzia mgonjwa wasiwasi.

Mkandaji hutanguliza swali kabla ya mkono: mgonjwa anatumia dawa gani, na je, daktari wake ameruhusu? Baadhi ya dawa za saratani, kama vile vinkristini, hudhuru neva na kuleta ganzi miguuni. Nyingine hupunguza chembe sahani zinazogandisha damu. Akibonyezwa kwa nguvu, damu huvilia chini ya ngozi.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, usikandwe kamwe. Huenda damu imeganda ndani ya vena, na bonge lake likichomoka laweza kufika mapafuni na kuua. Mgonjwa apelekwe kwa daktari mara moja.

Pasipo hatari hizo, mkono uwe mwepesi na muda uwe mfupi. Mgonjwa akisema basi, kazi ikome. Kumfariji mgonjwa ni wema. Kumwahidi uponyaji hata akaacha matibabu ya hospitali ni kuyahatarisha maisha yake.

Zoezi: Eleza kwa nini mgonjwa mwenye ganzi ya nyayo hawezi kumwonya mkandaji anayebonyeza mno.