Uzembe ni Nini, na Nani Hulipa Gharama Yake?

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, pamoja na marafiki mnaotuunga mkono, katika somo la robo hii tujifunze juu ya neno tunalolitamka mara nyingi bila kulipima: uzembe.

Maana yake

Uzembe ni hali ya mtu kujua wajibu wake, kuwa na uwezo wa kuutimiza, na bado asijali. Si sawa na uvivu. Mvivu hakwepi kuonekana. Kazi yake haianzi. Mzembe aweza kuwa na shughuli nyingi, lakini hakagui wala haandiki. Tena uzembe si bahati mbaya. Radi ikipiga darasa hatumlaumu mtu. Paa likiezuliwa na upepo kwa sababu misumari ilipunguzwa, hapo yupo aliyeacha wajibu wake.

Mfano kutoka Ziwa Victoria

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Wengi wetu twajua kwamba ilijaza mno. Tutazame jambo dogo zaidi, yaani daftari. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo hata leo hakuna awezaye kutaja kwa hakika idadi ya waliokuwamo. Kalamu na karatasi vingetosha kuonyesha kwamba meli imejaa, na baada ya msiba vingewaambia ndugu nani alipanda.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kilitakiwa kubeba watu wapatao 100. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Tunajifunza nini?

1. Uzembe huzoeleka. Safari ya kwanza iliyozidisha watu ikifika salama, ya pili huonekana ya kawaida.

2. Uzembe hukua penye kazi ya wengi, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaangalia.

3. Anayelipa gharama mara nyingi si aliyezembea.

Katika miradi yetu

Tuchukue kisima cha pampu ya mkono. Mpira wa pampu huchakaa polepole, na bei yake ni ndogo kuliko ya pampu nzima. Mchango wa maji usipoandikwa mwezi huu, mwezi ujao itakuwa rahisi zaidi kutouandika. Siku pampu inapokufa hakuna fedha ya fundi, wala haijulikani nani alitoa na nani hakutoa. Wanaorudi mtoni na ndoo ni akina mama na watoto, ambao hawakushika daftari hata siku moja.

Nao wafadhili wana sehemu yao. Kuomba picha za siku ya uzinduzi, na kutouliza mwaka wa tatu kama maji bado yanatoka, ni kuacha wajibu pia.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Daftari la mradi wetu liliandikwa mara ya mwisho lini, na nani alilikagua?

2. Ni kazi gani hapa kwetu inayosemwa kuwa ya wote, lakini haina jina la mtu?

3. Ni kasoro gani tumeizoea kwa sababu haijaleta madhara bado?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaomba kila kamati, kabla ya kufunga kikao kijacho, ichague ufa mmoja, iandike jina la atakayeuziba na tarehe ya kukaguliwa.