Elimu ya Afya: Je, Losheni ya Kukinga Jua ni Salama?

Garissa iko karibu kabisa na Ikweta. Mchana, anga likiwa wazi, kipimo cha miale inayounguza ngozi mara nyingi hufika 11 au zaidi, daraja la juu kabisa kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Kwa mkazi anayeishi na ualbino, losheni ya kukinga jua si urembo, ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi.

Usalama hupimwaje?

Losheni hizi zina vichujio vinavyozuia miale isifike ndani ya ngozi. Wataalamu huuliza: mtu hupaka kiasi gani kwa siku? Kiasi gani hupenya hadi kwenye damu? Kiasi gani hakikuleta madhara katika majaribio? Barani Ulaya hukadiriwa gramu 18 kwa siku, na kinachoingia mwilini hutakiwa kiwe angalau mara 100 chini ya kile kisicholeta madhara.

Oksibenzoni ni mfano mzuri. Kichujio hiki hupenya ngozi. Mwaka wa 2022, Umoja wa Ulaya ulikishusha kutoka asilimia 6 hadi 2.2 katika losheni za mwili mzima, lakini ukaacha asilimia 6 kwa za uso na mikono, kwa kuwa sehemu inayopakwa ni ndogo.

Zinki oksaidi na titaniamu dioksaidi hupenya kidogo mno. Mwaka wa 2019, mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) ilipendekeza hizo mbili pekee, kati ya vichujio 16, zitambuliwe kuwa salama na zenye kufanya kazi. Kwa vingine 12 iliomba utafiti zaidi. Haikuwaambia watu waache kujipaka.

Mwananchi afanye nini?

• Chagua losheni ya kupaka, SPF 30 au zaidi. Ya kupuliza huweza kuvutwa hadi mapafuni.
• Kagua alama ya KEBS na tarehe ya mwisho ya matumizi.
• Usiichanganye na krimu ya kujichubua, ambayo huondoa kinga ya asili ya ngozi.
• Paka tena kila baada ya saa mbili. Vaa kofia na mikono mirefu, na utafute kivuli.
• Ukiwa na ualbino, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD), ambalo hutoa losheni bila malipo.

Uliyo nayo nyumbani usiitupe kwa hofu. Madhara ya jua yamethibitishwa.