SOMO LA MAJI: Unga wa Chuma na Floraidi Yetu

Pengine mmesikia kwamba kuna unga wa chuma, laini kuliko vumbi, unaosafisha maji. Hapa Kiamunyi, ambako meno ya kahawia ya watoto si jambo geni, habari kama hiyo lazima tuichunguze kabla ya kutoa pesa.

Hebu fanya jaribio. Chukua msumari na waya laini ya kusugulia sufuria (isiwe ile isiyoshika kutu). Vioshe kwa sabuni mafuta yatoke, halafu viloweke usiku kucha. Waya itatangulia kushika kutu. Kwa nini? Maji hugusa chuma kwa nje tu, na ukikigawanya, hiyo nje inaongezeka. Kipande cha sentimita 1 kila upande kina eneo la sentimita 6 za mraba. Kikatekate hadi vipande vya nanomita 100 (nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita) na eneo litafika mita 60 za mraba. Hiyo ni nyumba nzima, kutoka kipande cha kushika kwa vidole viwili!

Chuma cha namna hiyo hakitulii majini. Hutoa elektroni, hula oksijeni, hutoa gesi ya haidrojeni, kisha hugeuka kutu. Tena chembe zake huvutana kama sumaku, zikafanya madonge na kutuama, basi nguvu inapungua. Hata hivyo hupunguza ukali wa kromiamu yenye sumu, na kutu yake hunasa aseniki. Kule Bangladesh chujio la SONO hutumia chuma kunasa aseniki, ingawa si chuma laini hivyo.

Lakini floraidi? Hiyo imeshiba elektroni tayari. Za chuma haina haja nazo. Kuchemsha nako ni bure: maji yanapungua, floraidi inabaki. Kinachoishika vizuri ni mkaa wa mifupa, na mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru ulianza kazi hiyo miaka ya 1990. Usijichomee mifupa nyumbani, maji yatanuka. Na chujio likichoka hutaonja tofauti, kwa hivyo maji yapimwe: Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto chini ya miaka 8, ambao meno yao bado yanajijenga, wapewe hayo kwanza, au ya mvua.